Dafu kwa Panya wa Rafu ya Chini

Kazi yangu ni kutunza panya. Naiandika hivyo mwanzo kabisa ili msomaji asije akadhani mimi ni mtu wa sayansi. Nilisoma mpaka darasa la saba, kisha nikafagia hoteli moja ya Diani kwa miaka mingi, na hoteli ilipofungwa nikapata kibarua katika kituo kidogo cha utafiti, njia ya Msambweni. Huko panya weupe wanaishi vizuri kuliko majirani zangu. Wana feni. Wana maranda safi ya kulalia, ambayo mimi mwenyewe nayafuata kwa seremala. Wanapimwa uzito kila asubuhi, na akipungua mmoja, mtu mzima mwenye shahada hushtuka na kushika kalamu. Mimi nimepungua sana mwaka huu na sijaona mtu akiandika.

Mke wangu alikuwa mkulima wa mwani. Kila maji ya bamvua alikwenda kwa dada yake Kibuyuni, wakaingia baharini bahari ikiwa imetoka, wakafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kimoja kimoja, mgongo umeinama tangu asubuhi. Baada ya wiki kadhaa waliuvuna, wakauanika kwenye chanja, na wanunuzi wakaja kuuchukua kwa magunia. Niliwahi kumwuliza mwani wote ule huenda kufanya nini. Akaniambia, "Wazungu wanautia kwenye sabuni na kwenye maziwa ya kuganda. Mimi nafunga kamba tu. Wewe panya wako wanakwenda kufanya nini?" Nikamwambia mimi nawalisha tu. Hivyo ndivyo tulivyozungumza kuhusu kazi zetu kwa muda wote wa ndoa.

Kisha akavimba miguu. Tulidhani ni maji ya chumvi, kwa sababu mwani humpa mtu kila aina ya visingizio. Hospitali wakasema ni mafigo, na kwamba yalikuwa yameharibiwa na presha ambayo hatukujua kama anayo. Akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na nyumbani tukapewa karatasi.

Karatasi ile bado ninayo. Iliorodhesha vitu ambavyo mgonjwa asile na asinywe, na aliyeiandika ni kama alikaa jikoni kwetu akiangalia chungu. Ndizi, hapana. Maembe, hapana. Mchicha, mihogo, maharagwe, hapana. Maji, vikombe viwili tu kwa siku, na chai ihesabiwe humo. Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, madafu, hapana kabisa. Tuliambiwa kuna chumvi fulani ndani ya dafu ambayo mafigo mabovu hayawezi kuitoa, nayo husimamisha moyo.

Sasa mtu asiyetoka pwani hatajua uzito wa neno lile la mwisho. Huku kwetu mgonjwa hupelekewa dafu. Hakuna anayekuja mikono mitupu, na hakuna mgonjwa anayeulizwa kama anataka. Dafu ndilo pole yenyewe. Basi watu wakaja nayo, na mimi nikasimama mlangoni nikiyapokea na kuyapeleka nyuma ya nyumba kama askari wa forodha wa Lunga Lunga. Jirani mmoja aliniuliza kwa upole kama tumegombana na mke wangu.

Dada yake, yule wa Kibuyuni, hakuuliza kwa upole.

"Shemeji, we mume gani wa kumnyima mgonjwa dafu?"

"Karatasi ya daktari imekataza."

"Karatasi imezaliwa lini? Mamangu alilala kitandani miezi minne, kilichompa nguvu ni dafu."

"Mama yenu hakuwa na mafigo."

"Hakuwa na mafigo? Alikuwa na nini humo ndani, mawe?"

Mke wangu alicheka kitandani. Alikuwa na kiu lakini alicheka. Kisha, dada yake alipotoka, akaniambia, "Nipe funda moja tu. Sitamwambia daktari."

Nikasema hapana.

"Panya wako wanakunywa maji?"

"Wanakunywa."

"Vikombe vingapi?"

"Wanakunywa wanavyotaka. Chupa imening'inia saa zote."

"Basi nipeleke huko," akasema, akageukia ukutani.

Sikumpa. Nilitii karatasi mpaka mwisho, na alikufa mwezi wa tatu tangu tuletewe ile karatasi, siku ya Alhamisi, midomo imekauka. Daktari aliniambia kwamba nilimtunza vizuri. Nilimshukuru. Bado sijui alichokisema kilikuwa sifa au kilikuwa ni kile wanachowaambia watu wote.

Kwenye matanga walikuja watu wengi, na watu lazima wanywe. Vijana wakapanda mnazi uliopo uani kwangu, ule ule niliokataza usipandwe kwa miezi mitatu ili mgonjwa asione, na wakaangusha madafu mpaka uani pakakosa njia. Waombolezaji wakanywa wakisema marehemu alikuwa mkarimu. Alipata sifa hiyo kwa dafu ambalo hakuonja. Siku ya tatu watu walipoondoka, palibaki lundo la madafu pembeni mwa choo, na mimi sikujua la kuyafanya. Nilianza kwenda nayo kazini, moja kila siku, kwa ajili ya mchana.

Nilipokuwa matangani alikuwa amefika kituoni mwanafunzi mpya, msichana wa bara, anayesomea shahada ya udaktari wa vitabu. Alikuwa ameshajifunza kusema shikamoo, na aliisema kwa kila mtu, hata kwa mlinzi ambaye ni mdogo kwake kwa umri. Alinipa pole kwa mikono miwili. Kisha akanionyesha kazi yake, kwa sababu bila mimi isingekwenda.

Alikuwa na panya ishirini na wanne, vizimba vimepangwa kwenye rafu tatu. Wa rafu ya juu walidungwa maji ya chumvi tu. Wa katikati walidungwa dawa ya kuvimbisha kwenye unyayo wa mguu wa nyuma. Wa rafu ya chini walidungwa dawa hiyo hiyo, lakini kila asubuhi walinyweshwa pia maji ya jani fulani la porini alilolinunua kwa mama mmoja sokoni Kombani, jani ambalo watu wa bara ya Kwale hulitumia kwa uvimbe. Mwisho wa wiki wote wangeuawa na mafigo yao yatolewe.

"Mguu ndio unaovimba," nikasema. "Mafigo yamekosa nini?"

"Swali poa sana, baba." Akanivutia kigoda. "Mwili ni mmoja. Mguu ukiwaka moto, damu inabeba ile habari mwili mzima, na figo ndiyo inachuja hiyo damu. Sasa ndani ya figo kuna vimeng'enya. Chukulia ni wafanyakazi wadogo sana. Figo ikiumia, wengine wanapungua kazini, wengine wanatoroka wanatokea kwa mkojo. Mimi nawahesabu. Nikipata wengi kwa mkojo, najua huko ndani mambo si mazuri."

Nilimwelewa kuliko alivyotarajia. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali nikisikiliza habari hiyo hiyo, ila pale hakuna aliyenivutia kigoda.

"Na hiyo ya kuvimbisha ni sumu gani?"

Akanionyesha kichupa chenye unga mweupe, kama wanga. Akataja jina refu. "Si sumu. Hata inatiwa kwa chakula, kwa aiskrimu. Ni mwani tu. Si nyinyi huku mnalima mwani? Wanautoa huu unga ndani yake."

Nilikishika kile kichupa. Kilikuwa kimetoka nchi ya mbali, na kimefunikwa kwa karatasi ya fedha. Sitaki kusema kwamba mwani ule ulikuwa wa mke wangu. Mwani unalimwa kwingi. Lakini sitasema pia kwamba haukuwa. Nilimrudishia nikamwambia ndiyo, tunalima.

Dawa ilifanya kazi yake barabara. Jioni ile ile miguu ya panya ilikuwa imevimba na kung'aa, na kesho yake wagonjwa wote walikuwa wamejikunja kwenye maranda, nywele zimesimama, hawaendi kwenye chupa. Chupa zilikuwa zimejaa. Maji yapo, ruhusa ipo, mnywaji hana nguvu ya kuyafuata. Mwanafunzi aliandika, "Wanakunywa kidogo," akaenda kula.

Nilibaki mimi na dafu langu.

Sitajipamba. Sikufikiri juu ya jambo lolote kubwa. Nilichukua kibomba cha plastiki kisicho na sindano, kile cha kumpa mtoto dawa, nikavuta maji ya dafu, nikafungua kizimba kilichokuwa karibu, nikamnyanyua panya mmoja na kumtilia tone mdomoni. Akalilamba. Nikamtilia jingine. Akashika kibomba kwa mikono yake miwili. Nikamaliza naye, nikachukua wa pili. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, na rafu ya chini ndiyo iliyokuwa mbele ya magoti yangu. Wale wa katikati walikuwa wagonjwa vile vile, lakini kuwafikia kulihitaji kusimama, na magoti yangu hayataki tena habari za kusimama na kukaa. Kama kuna atakayesema niliongozwa na huruma, ajue huruma yangu iliishia kwenye rafu ya chini.

Nilifanya hivyo kila mchana kwa siku sita. Hata siku moja sikuona kwamba ninaharibu kitu. Mgonjwa hupewa dafu, na mimi nilikuwa na dafu. Kukataa ndiko kulikokuwa kazi ngumu kwangu, na kazi hiyo nilikuwa nimeimaliza.

Siku ya nane mafigo yalitolewa, yakasagwa, yakaingizwa kwenye mashine pamoja na mkojo. Siku mbili baadaye mwanafunzi alitoka maabara akikimbia.

"Baba! Njoo uone! Aki njoo uone!"

Alinionyesha picha kwenye kompyuta, nguzo tatu za hesabu ya waliotorokea kwenye mkojo. Ya kwanza fupi, ya pili ndefu, ya tatu fupi karibu sawa na ya kwanza. Nguzo ya tatu ilikuwa rafu ya chini. Wafanyakazi wadogo hawakutoroka. Mafigo yalikuwa yametulia kama hakuna kilichotokea miguuni.

"Ni ile jani! Ile jani ya mama wa Kombani inalinda figo!" Akanikumbatia, jambo ambalo si desturi yetu, na mimi nikabaki nimenyoosha mikono kama mtu anayepimwa shati. Alimpigia simu mwalimu wake hapo hapo. Mchana alinunua soda kwa kituo kizima, na mlinzi akapata mbili.

Mimi nilishika soda yangu nikaangalia ile nguzo ya tatu, na ndipo nilipoona dafu.

Nilinyamaza siku nzima, na ya pili, na ya tatu. Nilijiambia kwamba huenda ni jani kweli. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa darasa la saba, na haifai mtu wa darasa la saba kuingilia nguzo. Nilijiambia pia kwamba nikifukuzwa sina pa kwenda, na hili ndilo lililokuwa kweli kuliko mengine. Na msichana mwenyewe alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa mtu tangu mwaka uanze.

Siku ya nne alikuja kunieleza mpango wake. Mwalimu wake angekuja wiki ijayo, na wangeanza kuandika. "Fikiria, baba," akasema. "Watu wa hapa wenye shida ya figo. Jani inamea hapa hapa. Mtu atachemsha tu nyumbani, anywe, apone. Hata wale wa kusafishwa damu. Si itakuwa baraka?"

Niliona mwanamume fulani akirudi nyumbani na majani mfukoni. Niliona akitupa ile karatasi. Nilimwona akichemsha na kumwambia mkewe anywe, kwa sababu imeandikwa na wenye shahada, na nikaona mkewe akinywa.

"Mwanangu," nikasema, "wale wa rafu ya chini niliwanywesha dafu."

Akacheka. "Uliwanywesha nini?"

"Dafu. Maji yake. Kwa kile kibomba."

"Lini?"

"Kila mchana, ukienda kula."

Kicheko kilimtoka usoni polepole. "Zote? Hata za katikati?"

"Wa chini tu. Wa katikati nilihitaji kusimama."

"Ulihitaji kusimama," akarudia. Akakaa sakafuni. "Mzee, umeniua. Aki umeniua kabisa. Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua ni jambo la kuambiwa mtu. Walikuwa wagonjwa."

"Walikuwa wagonjwa kwa sababu mimi ndio nimewafanya wagonjwa! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi!"

Alisema kweli. Alilia kidogo, akafuta uso kwa koti lake jeupe. Nilisubiri amalize, kisha nikamwuliza lile nililokuwa nikijiuliza siku zote tatu, na ambalo kwa hakika ndilo nililotaka kulijua kuliko hatima ya kazi yangu.

"Kwa hiyo ni dafu lililoyalinda mafigo?"

Aliinuka sakafuni. Alijua habari za mke wangu, kila mtu kituoni alijua. Habari za karatasi sikuwa nimemwambia; nikamwambia hapo.

"Sijui," akasema. "Inaweza kuwa dafu. Inaweza kuwa jani. Inaweza kuwa ni vile tu walipata maji na wenzao hawakunywa. Uliwapa kiasi gani?"

"Mpaka walipogeuza uso."

"Mililita ngapi?"

"Sikupima. Nilimpa kila mmoja mpaka akageuza uso."

"Hiyo siwezi kuiandika, baba," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole. Baadaye, nilipokuwa nafagia, alinifuata. "Na hata kama ni dafu, panya hizi mafigo yao yalikuwa mazima kabla sijawadunga. Mtu ambaye mafigo yamekufa ni kitu ingine. Kwake dafu ni hatari. Daktari hakukosea."

Nikamwambia asante. Nilikuwa nimetaka kusikia neno hilo, na nilipolisikia nikaona kwamba halinipunguzii chochote. Daktari hakukosea, nami sikukosea, na mtu alikufa na kiu.

Mwalimu wake alikuja, mtu mkubwa mwenye suti, akaniweka kitini na kunitaka nieleze kwa maandishi. Fomu ilikuwa na sehemu ya kueleza kilichotokea, na sehemu ndogo iliyoandikwa "Sababu." Ile ya kwanza niliijaza vizuri, rafu, saa, siku. Kwenye sababu niliandika, "Ni desturi." Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama ni desturi ya kituo. Nikamwambia hapana, ya pwani. Hakunifukuza. Alisema mtu anayejishtaki mwenyewe si rahisi kumpata, na kwamba kazi itarudiwa yote.

Hapo ndipo nilipojua ukweli wangu utalipwa na nani. Kurudia yote maana yake ni panya wengine ishirini na wanne, na wa kuwachagua ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyewalea tangu wakiwa wekundu wasio na manyoya. Niliwachagua. Unga wa mwani ukatolewa tena kwenye karatasi yake ya fedha. Miguu ikavimba, wakajikunja, chupa zikabaki zimejaa. Mchana mwanafunzi alikwenda kula kama kawaida. Hakuniwekea mtu wa kunichunga, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angeniwekea.

Nilikaa kwenye kigoda mikono mitupu. Rafu ya chini ilikuwa mbele ya magoti yangu. Kwa siku sita nilitii karatasi, mara ya pili katika mwaka mmoja, na safari hii pia niliambiwa kwamba nimefanya vizuri.

Nguzo zilitoka bila dafu. Ya katikati ndefu, na ya tatu ndefu karibu kama ya katikati. Jani la mama wa Kombani halikulinda mafigo, au lililinda kidogo tu, kiasi cha kubishaniwa na watu wenye shahada. Mwanafunzi ameiandika hivyo hivyo, na amefaulu. Alinionyesha kitabu chake kabla ya kurudi bara. Mwanzoni anashukuru watu wengi kwa majina, na mwisho kabisa anamshukuru mtunza wanyama. Nilimwuliza kama ameandika habari za dafu. Akasema mwalimu aliifuta. Imebaki sentensi moja tu, inayosema kwamba panya wa awamu ya kwanza hawakuhesabiwa.

Siku aliyoondoka nilimwangushia madafu mawili ya safari. Moja alilinywa pale pale uani, amesimama, mpaka likamwagikia shingoni, na jingine akaenda nalo.

Mlangoni kwa panya sasa pamebandikwa kanuni mpya. Zamani zilikuwa za kuvua viatu na kunawa mikono. Mwalimu aliagiza iongezwe ya kwangu, imechapwa kwa herufi kubwa, kubwa kuliko za ile karatasi ya nyumbani: NI MARUFUKU KUINGIZA MADAFU. Wageni wa bara huicheka, hupiga picha, huniuliza ni nani aliyewahi kuleta dafu kwenye maabara. Mimi huwaambia ni mimi. Wengine hungoja niendelee, na nisipoendelea, huvua viatu na kuingia.